Ingekuwaje? Wito kwa Wana Kasingirima



Kuna mazungumzo tunayoyapenda sana sisi watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Baada ya swala ya isha, kahawa ikishazunguka barazani, mtu mmoja huuliza: ingekuwaje kama fulani ndiye angeshinda? Mara nyingi huyo fulani hata si wa kwetu. Ni wa Marekani.

Swali linalorudi zaidi ni la mwaka 2000. Ingekuwaje kama aliyeapishwa angekuwa Al Gore, si George W. Bush? Hapo baraza zima huamka. Mmoja atasema vita vya Iraki visingepiganwa. Mwingine atakumbusha kwamba Gore alilishikilia jambo la mabadiliko ya tabianchi hata akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2007, basi huenda dunia ingeanza mapema kulishughulikia. Mzee mmoja atatikisa kichwa na kusema Marekani ni Marekani, awe rais nani.

Sina nia ya kuwakataza mazungumzo hayo. Yanatufungua macho, na vijana wetu hujifunza mengi kwa kukaa kimya pembeni wakisikiliza. Ninachowaomba leo ni tusiishie njiani. Tukishauliza ingekuwaje, tuulize na hili: mambo yaligeukia wapi, na mikononi mwa nani?

Tuanze na huko mbali, kisha turudi nyumbani.

Wamarekani walipiga kura tarehe 7 Novemba 2000. Kwao rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake, na anayeongoza katika jimbo huchukua wajumbe wote, isipokuwa mahali pachache. Gore alipata kura nyingi zaidi nchi nzima, akimzidi mwenzake kwa zaidi ya nusu milioni. Lakini jimbo la Florida ndilo lililobaki kuamua. Watu karibu milioni 6 walikuwa wamepiga kura huko, na hesabu iliyotangazwa ilimpa Bush ushindi wa kura 537.

Kura 537! Vituo viwili vya kupigia kura hapa kwetu vyaweza kuwa na watu wengi kuliko hao. Ni watu unaoweza kuwasalimia wote kwa siku moja ukizunguka mitaa yetu bila haraka.

Sasa sikilizeni habari ya wilaya moja ya Florida iitwayo Palm Beach. Ina wazee wengi, na msimamizi wa uchaguzi wa pale aliwafikiria. Wagombea urais walikuwa wengi, majina yakibanwa upande mmoja herufi zingekuwa ndogo mno. Basi akayapanga pande mbili, kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati. Herufi zikawa kubwa, wazee wasome kwa raha.

Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini jina la Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, na tundu la pili halikuwa lake. Lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Tundu la Gore lilikuwa la tatu. Wapiga kura wengi wakatoboa la pili. Wengine waligundua, wakatoboa na la tatu, na karatasi zao zikahesabiwa kuwa zimeharibika. Katika wilaya hiyo moja, karatasi zilizotobolewa majina mawili zilikuwa zaidi ya 19,000. Buchanan alipata kura zaidi ya 3,400 hapo, na mwenyewe akasema hadharani kwamba nyingi kati ya hizo huenda hazikuwa zake.

Mnaona, ndugu zangu? Tunapoongelea Iraki na tabianchi, tunaongelea pia karatasi moja iliyopangwa vibaya na mtu aliyetaka kuwasaidia bibi na babu.

Mimi najiuliza swali dogo zaidi kuliko yale ya barazani. Ingekuwaje kama wazee kumi tu wangeketishwa mbele ya karatasi ile wiki kadhaa kabla, mtu akawauliza kwa upole, "Bibi, ukimtaka huyu, ungetoboa wapi?" Ni kazi ya asubuhi moja. Haihitaji fedha wala cheo.

Na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ninayowaomba muifanye nyumbani. Wangapi kati yetu tumekaa na mama zetu, shangazi zetu, babu zetu, tukawaonyesha namna karatasi ya kura inavyokuwa? Picha ya mgombea hapa, jina hapa, kisanduku cha kuweka alama ya vema pale. Ukiweka alama mbili, kura imeharibika. Ukikosea, usifiche kwa aibu, mwambie msimamizi wa kituo kabla hujatumbukiza karatasi. Chora mfano kwenye daftari la mtoto, wafanye mazoezi wakicheka. Usimwambie bibi amchague nani. Muonyeshe tu njia, uamuzi mwachie mwenyewe.

Asiyeona ana haki ya kwenda na mtu anayemwamini amsaidie. Je, katika mtaa wako unamjua huyo asiyeona, na unajua anamwamini nani?

Nimesema turudi nyumbani. Sisi watu wa Kigoma hatuna haja ya kukopa "ingekuwaje" kutoka Marekani, tunayo ya kwetu, na imeandikwa katika vitabu vya sheria.

Wenye umri wa kutosha mnakumbuka. Mfumo wa vyama vingi ulirudi nchini mwaka 1992. Mwaka 1994 jimbo letu la Kigoma Mjini likaingia katika uchaguzi mdogo, mmoja kati ya zile za mwanzo kabisa za enzi mpya. CCM ilimsimamisha Azim Premji, CHADEMA ikamsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou, ambaye sasa ni marehemu. Aliyetangazwa mshindi ni Premji.

Ingekuwaje kama angeshinda Kabourou? Swali hilo liliulizwa Ujiji nzima, lakini halikubaki kuwa la barazani. Kabourou hakuwaambia watu wake washike mawe. Alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikabatilisha matokeo. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani nayo ikaona kwamba uchaguzi ule haukwenda inavyotakiwa. Miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa sana katika kesi ile ni matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, yaliyoonekana kuegemea upande mmoja. Kesi hiyo wanasheria wanaisoma na kuitaja hadi leo. Na katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 1995, watu wa Kigoma Mjini wakampeleka Kabourou bungeni.

Siyasemi haya ili kumnyooshea mtu kidole. Mtangazaji wa siku zile alikuwa kazini, katika nchi iliyoishi na chama kimoja kisheria tangu mwaka 1965. Desturi haibadiliki kwa usiku mmoja. Angekuwa kaka yako au dada yako kwenye kiti kile, huenda naye angesoma alichopewa.

Lakini fikirini. Wakati ule sauti iliyosikika nchi nzima ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Leo kila mmoja wetu anatembea na redio yake mfukoni. Simu hiyo uliyonayo, na hayo makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya shule, ya msikiti, ya kanisa, ya wauza dagaa, ndiyo matangazo ya leo. Wewe ndiye mtangazaji. Je, ukipokea habari ya mgombea usiyempenda, unaiuliza maswali yaleyale unayoiuliza habari ya mgombea unayempenda? Ukituma jambo kisha ukagundua si kweli, unarudi kundini kusema, au unanyamaza ukitumaini limesahaulika?

Ninawaomba jambo dogo. Kabla ya kubonyeza kutuma, mpigie simu mtu mmoja aliyeko mahali habari ilipotokea. Sisi watu wa Ujiji tuna ndugu kila kona ya nchi hii. Hakuna mji usiokuwa na Mmanyema au Muha wa kumuuliza, "Vipi huko, ni kweli?"

Nitagusa kwa kifupi jambo la zamani zaidi, la huko Tabora, mbele kidogo katika reli yetu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuchukia mpango ule, na walikuwa na haki ya kuuchukia. Mwalimu Nyerere alishawishi chama kiingie hivyohivyo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka na kuanzisha chama chake. Ingekuwaje kama Tabora wangesusia? Wazee wetu walikuwa na majibu mengi. Ninachokipenda mimi ni kwamba watu walibishana siku kadhaa uso kwa uso, kisha wakapanda treni kurudi makwao kuwaeleza watu kilichoamuliwa na kwa nini. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa.

Kubishana uso kwa uso. Je, watoto wetu wanatuona tukifanya hivyo na kubaki marafiki?

Nauliza kwa sababu sisi wa mwambao huu tunajua gharama ya swali la "ingekuwaje" kuliko watu wengi. Tarehe 1 Juni 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye kuwa rais, katika uchaguzi wa vyama vingi uliosifiwa na wengi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo akauawa na wanajeshi. Ingekuwaje kama angeachwa amalize muhula wake? Wangapi wangekuwa hai? Wangapi wangezeeka katika mashamba yao, badala ya kuzeeka kambini katika mkoa wetu?

Na mwaka 2015 mambo yakarudi. Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, Burundi ikachafuka, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka na kujazana Kagunga, kijiji chetu kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha, kipindupindu kikaingia. Meli yetu ya Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafanya safari baada ya safari kuwatoa. Wakashushwa Kigoma, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, wakapelekwa Nyarugusu.

Mnakumbuka mliyoyafanya wakati ule? Wapo waliopeleka uji. Wapo waliotoa kanga na sabuni. Wapo wauguzi waliofanya kazi bila kulala. Hakuna aliyemuuliza mama wa Kirundi kwanza alimpigia nani kura.

Huruma hiyohiyo, ndugu zangu, ndiyo ninayoiomba tuitumie baina yetu wenyewe kabla mambo hayajaharibika, si baada ya kuharibika. Mume na mke wakipenda vyama tofauti, chungu ni kilekile na watoto ni walewale. Kijana akirudi na fulana ya chama asichokipenda baba yake, baba amuulize kilichomvutia, amsikilize mpaka mwisho. Duka la jirani lisisuswe kwa sababu ya bendera iliyopandishwa mlangoni.

Najua baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wapo miongoni mwetu wasiotaka kulisikia hata hilo neno uchaguzi. Wana huzuni zao, na siwaharakishi. Kama ni jirani yako, mtembelee bila ajenda. Kaa naye. Mazungumzo ya kura yatasubiri.

Kwa walioko kazini nina maombi yangu pia. Wenye mitumbwi na nyavu, mnajua kazi yenu ni ya usiku, na vijana wenu hurudi mwaloni alfajiri wakiwa hoi. Siku ya kura vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Kijana aliyekesha ziwani akilala kidogo tu, siku imekwisha. Je, haiwezekani usiku mmoja wa kuamkia kura mkapumzisha nyavu, kama mnavyozipumzisha mwezi unapokuwa mkubwa na taa hazivuti dagaa? Na mama zetu mnaoanika dagaa, mnaweza kupeana zamu: huyu alinde vichanja, yule aende kituoni, kisha wabadilishane. Mwenye duka amruhusu msaidizi wake bila kumkata posho.

Walimu, ninyi mna watoto wetu kwa saa nyingi kuliko sisi. Waacheni wachague kiongozi wa darasa kwa kura za kweli, wahesabu wenyewe, waandike matokeo ubaoni mbele ya wote. Mtoto aliyeshuhudia hesabu ya kura 40 ikifanywa wazi hatakubali kirahisi hesabu ya gizani atakapokuwa mtu mzima.

Na vijana mliomaliza kidato cha nne mkisubiri kazi, ukarani wa kituo na uwakala wa chama ni kazi za heshima. Ombeni. Someni maelekezo mpaka muyaelewe. Wakala anayejua kusoma fomu ya matokeo na kuihakiki kabla ya kuisaini anaisaidia nchi yake sawasawa na yeyote aliyepanda jukwaani, na mimi nathubutu kusema anaisaidia zaidi. Matokeo yanapobandikwa nje ya kituo, nendeni mkayasome. Yanabandikwa kwa ajili yenu.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ingekuwaje kama Gore angeshinda? Hatuwezi kumuuliza. Yuko mbali, na ile nafasi ilipita tarehe 12 Desemba 2000, majaji wa huko, watano dhidi ya wanne, walipositisha kuhesabu upya kura za Florida. Lakini katika mtaa wako, yule aliyegombea uenyekiti akashindwa yuko wapi? Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Unaswali naye safu moja, au unasimama naye kwenye foleni ya maji. Mawazo yake hayakufa siku matokeo yaliposomwa.

Tuna desturi moja ambayo nadhani haitufai. Mtu akishindwa, tunamwacha. Waliomshangilia wanaona haya kupita mlangoni kwake, na waliomshinda wanaogopa kumwita wasije wakaonekana dhaifu. Naye anajifungia ndani na mipango aliyoifikiria kwa miezi: mfereji unaojaa taka kila masika, taa ya njiani, vijana wa kuwasindikiza wajawazito usiku kwenda zahanati, kisima kilichokauka. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mhuri wa mwenyekiti kuanza kukifikiria.

Basi wenyeviti wetu wa mitaa, ninyi mlioshinda, nawaomba kwa heshima: mwiteni mwenzenu aliyeshindwa katika mkutano ujao wa mtaa, mpeni dakika kumi aeleze jambo moja ambalo angelianza nalo. Moja tu. Wananchi waliopo walichague au waliache. Wakilichagua, yeye mwenyewe alisimamie, na daftari la mapato na matumizi lisomwe mbele ya wote kama mengine.

Na sisi tulio wengi, ambao hatukugombea chochote, tusisubiri mkutano. Jumamosi hii mpelekee kahawa. Mwambie, "Kaka, ungeshinda wewe, ungeanza na nini hapa mtaani?" Akikwambia angeanza na ule mfereji wa nyuma ya soko, muulize anahitaji majembe mangapi na watu wangapi, kisha nendeni mkawatafute.